Alisema kinakuja na mwezi, nami nikamkemea

Wahenga walinena kuwa mwenye kovu usidhani kapoa. Mdogo wangu ana kovu katika mkono wa kulia, linaloanzia kwenye kifundo na kupanda hadi karibu na kiwiko. Wanaomuuliza huwaambia kwamba aliangukia motoni, na ni kweli. Lakini mimi najua jambo moja zaidi. Najua kwamba miezi minne kabla ya siku hiyo alinieleza siri ya ugonjwa wake, nami nikamnyamazisha.

Leo, mpenzi msomaji, niruhusu nikupe kisa hicho chote bila kuficha. Wapo wanaume wenzangu watakaokunja uso wakiona hedhi ikitajwa katika jarida la familia siku ya Jumapili. Nawaomba wavumilie. Mimi pia nilikunja uso kama wao, na aliyelipia si mimi.

Nyuni na povu

Kwetu ni Mariakani, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Mdogo wangu ndiye kitinda mimba. Alianguka mara ya kwanza mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 14, mwaka ule ule aliovunja ungo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaunganisha mambo hayo mawili.

Bibi alisema ni nyuni, yule ndege wa mashetani anayelaumiwa na wazee wa Pwani kwa degedege la watoto. Jirani mmoja akasema karogwa. Wengine wakasema ni mwezi wa angani, na kwamba mwezi ukipevuka ni sharti mtoto achungwe asitoke nje. Mama hakungoja mashauri hayo yakamilike. Alimpeleka hospitalini, akapewa tembe za fenobabitoni, naye akazimeza kwa uaminifu.

Kuanguka kulipungua lakini hakukuisha. Kulikuwa na majuma matatu ya amani, halafu kwa siku mbili au tatu kifafa kilimjia mfululizo, mithili ya mdai anayejua tarehe ya mshahara. Kila alipolalamika kliniki, dozi iliongezwa. Akawa anasinzia darasani. Alimaliza kidato cha nne kwa shida, akabaki nyumbani akimsaidia Mama kuuza vitambaa.

Krismasi ya mwaka 2018 nilikwenda nyumbani. Usiku tuliketi barazani, mwezi umechomoza juu ya minazi. Mdogo wangu alisogea karibu, akainamisha kichwa na kuniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hiki kifafa kinakuja na mwezi."

Nilicheka. Kisha nikamkemea. Nilimwambia kwamba yeye ni mtu aliyesoma, si wa kurudia hadithi za Bibi. Nilimweleza kwa urefu kwamba mwezi ni jiwe linalozunguka dunia, halina habari na ubongo wa mtu. Niliona fahari kwa maneno yangu, maana mimi ndiye mwenye diploma ya uandishi katika familia yetu.

Alininyamazia. Akaondoka akaingia ndani.

Mwezi wa Aprili 2019, Mama akiwa ameenda kuteka maji, mdogo wangu alianguka akisonga sima. Mkono ukaingia katikati ya mafiga. Wasichana wawili wa jirani walikuwapo, nao wakakimbia. Wengi wa kwetu huamini kwamba ukiguswa na povu la mtu wa kifafa, nawe utaanguka. Si kweli. Kifafa hakiambukizi kwa povu, mate wala kwa kugusana. Lakini imani hiyo ilitosha kumwacha mkono motoni mpaka Mama aliporudi na ndoo.

Kalenda ya jikoni

Baada ya majuma kadhaa ya wodi, tulimleta Nairobi akae nasi. Daktari mmoja alituagiza tuandike kila siku anayoanguka. Nikatundika kalenda ya duka jikoni, nikawa natia alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu.

Jioni moja mwezi wa Agosti, mke wangu aliniita. "Baba watoto, hebu keti." Alikuwa ameishika ile kalenda. Akaniuliza kama siku zile za misalaba zinanikumbusha chochote. Nikasema hapana.

"Mimi zinanikumbusha," akasema. "Ndizo siku ninazomnunulia wifi yangu sodo."

Nilitazama. Mei misalaba mitatu, yote imebanana. Juni minne, imebanana vilevile. Julai mitatu. Kutoka fungu moja hadi jingine ni siku 27 au 28. Mke wangu akaendelea, "Nilimuuliza. Anasema alijua tangu kidato cha pili. Anasema alikwambia wewe ukamcheka."

Nikajibu kwamba sikumbuki. Halafu nikakumbuka. Kinakuja na mwezi! Katika lugha yetu neno hilo lina maana tatu: ule wa angani, ule wa kalenda, na ule ambao binti wa heshima huutaja mbele ya kaka yake akiona haya kusema hedhi. Alichagua neno la adabu, nami nikatazama angani.

Daktari aliyeuliza

Tulipata miadi kwa daktari wa ubongo na neva, mama mmoja wa makamo. Swali lake la kwanza kwa mdogo wangu lilikuwa, "Siku zako za mwisho zilianza lini?" Niliinuka nitoke. Daktari akaniambia, "Kaa. Wewe ndiye unayeishi naye."

Miaka tisa mdogo wangu alihudhuria kliniki, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemuuliza swali hilo. Alilijibu haraka na kwa ukamilifu, kama mtu aliyekuwa amelisubiri.

Daktari aliitazama kalenda yetu, akatabasamu. Alisema jambo hili linajulikana tangu kale. Mwaka 1857, katika mkutano wa madaktari jijini London, Charles Locock, aliyekuwa mkunga mkuu wa Malkia Victoria, alisimulia jinsi alivyowatibu kwa bromidi ya potasiamu wanawake waliokuwa wakianguka wakati wa hedhi. Bromidi hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza ya kifafa iliyofanya kazi kwa dhati. Kwa hivyo wa kwanza kufaidika na dawa ya kifafa duniani walikuwa wanawake wenye shida ile ile ya mdogo wangu. Mwaka 1881 Mwingereza mwingine, William Gowers, akaandika katika kitabu chake kuhusu kifafa kwamba hedhi humzidishia mwanamke mashambulizi. Leo inakadiriwa kwamba takriban theluthi moja ya wanawake wenye kifafa huwa na mpangilio wa aina hiyo.

Niliporudi ofisini nilifanya ile kazi ambayo ningeifanya mapema laiti ningemsikiliza. Nilianza kusoma, na nilipokwama nikampigia daktari simu. Nitajaribu kukueleza nilichojifunza kama nilivyokielewa mimi.

Mlango na makanga

Homoni nyingi tunazozisikia, kama projesteroni na estrojeni za mwanamke, testosteroni ya mwanamume, na kotisoli inayozidi wakati wa wasiwasi, ni za ukoo mmoja unaoitwa steroidi. Zote hutengenezwa kutokana na kolesteroli. Kwa kuwa zina asili ya mafuta, hupenya ngozi ya seli bila kubisha hodi.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliijua njia moja tu ya kazi yake. Homoni huingia hadi kwenye kiini cha seli, ikaamuru jeni fulani ziamke au zilale, na protini mpya zikatengenezwa. Kazi hiyo huchukua saa nyingi au hata siku. Ni kama barua ya kwenda kwa chifu: mpaka isomwe, ijibiwe, itiwe mhuri.

Lakini mwaka 1941, Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Montreal, Kanada, aliwadunga panya kiasi kikubwa cha projesteroni, nao wakalala fofofo kama wagonjwa waliopewa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji. Usingizi huo ulikuja haraka mno kuwa ni barua ya chifu. Lazima kulikuwa na njia nyingine ya mkato.

Waganga wa Ulaya hata waliitumia njia hiyo kabla ya kuielewa. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na dawa ya usingizi iitwayo Althesin, iliyotengenezwa kutokana na steroidi. Iliondolewa mwaka 1984 kwa sababu mafuta yaliyotumiwa kuiyeyusha yaliwadhuru baadhi ya wagonjwa. Mwaka uo huo, Harrison na Simmonds wa London walionyesha kwa kutumia vipande vya ubongo wa panya kwamba steroidi hiyo huongeza nguvu za GABA. Mwaka 1986 Maria Majewska na wenzake, wakiwa Marekani, wakaonyesha kwamba hata steroidi ambazo mwili wenyewe huzitengeneza kutokana na projesteroni hufanya kazi hiyo hiyo.

GABA ndiyo nini? Ni kemikali ya ubongo ya kutuliza. Seli ya neva inapotaka kutoa ishara, umeme wake wa ndani hubadilika ghafla kwa sababu chembe zenye chaji, ziitwazo ayoni, zinapita katika milango midogo iliyo kwenye ngozi yake. Ayoni za sodiamu zikiingia, seli inaamka na kupiga kelele. Ayoni za kloridi zikiingia, kwa kawaida seli inatulia. Sodiamu na kloridi ndizo hizo hizo zinazofanya chumvi ya mezani. Ubongo wenye afya husawazisha kelele na utulivu. Kifafa ni pale seli nyingi zinapopiga kelele kwa pamoja bila kunyamazishwa.

Sasa, mlango mmojawapo wa kloridi unaitwa kipokezi cha GABA-A. Umeundwa kwa vipande vitano vya protini vilivyojipanga duara, kama vidole vitano vilivyokutanishwa vikaacha tundu katikati. GABA ikigusa kipokezi, tundu hufunguka kwa muda mfupi sana, kloridi ikaingia, kisha likafungika.

Hapo ndipo steroidi inapoingia. Mwanamke anapotoa yai, katikati ya mwezi wake, projesteroni hupanda. Sehemu yake mwili huigeuza kuwa steroidi nyingine iitwayo alopregnanoloni. Hii haiendi kwa chifu. Inakwenda moja kwa moja kwenye kile kipokezi, ikashika mahali pake maalumu, tofauti na mahali pa GABA. Kazi yake kwa kiasi cha kawaida si kuufungua mlango, bali kuufanya ukae wazi kwa muda mrefu zaidi GABA inapoufungua. Yeyote aliyepanda matatu anaelewa: makanga akishikilia mlango, abiria wengi huingia. Ikiwa nyingi kupita kiasi, inaweza hata kuufungua mlango yenyewe, na hivyo ndivyo panya wa Selye walivyolala.

Ubongo nao haungoji kuletewa kila kitu na ovari. Mwaka 1981 Étienne-Émile Baulieu na wenzake huko Ufaransa waligundua kwamba panya waliotolewa tezi za kutengeneza steroidi bado walikuwa na steroidi ubongoni. Akazipa jina la steroidi za neva. Na si zote za kutuliza. Kuna moja, pregnenoloni salfeti, ambayo hufanya kinyume: huuzuia mlango wa GABA na kuutia nguvu mlango mwingine wa kuamsha, uitwao NMDA. Estrojeni nayo kwa jumla huelemea upande wa kuamsha.

Kwa nini basi mdogo wangu aanguke siku zile? Kwa sababu siku chache kabla ya hedhi, kama mimba haikushika, projesteroni huporomoka. Alopregnanoloni huporomoka nayo. Yule makanga kashuka, mlango unafungika upesi. Ubongo uliozoea kusaidiwa kutulia unaachwa ghafla, kama mlevi aliyenyimwa pombe. Mwaka 1998 Sheryl Smith na wenzake walionyesha katika panya kwamba homoni hii inapoondoka ghafla, hata vipande vya mlango wenyewe hubadilika: kipande fulani huongezeka, na panya wakawa rahisi kupatwa na degedege.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikashika kichwa. Mdogo wangu hakuwa na nyuni, wala hakuwa mtu wa hadithi za mwezi. Alikuwa ameyaona kwa macho yake mambo ambayo maabara ziliyahangaikia kwa miaka mingi.

Si dawa ya miujiza

Nilidhani basi atapewa projesteroni na mambo yaishe. Daktari akanituliza. Mwaka 1997 Andrew Herzog wa Marekani na wenzake walieleza kwamba kuna mipangilio mitatu. Wa kwanza ni wa kuanguka karibu na hedhi, yaani kuanzia siku tatu kabla hadi siku ya tatu ya damu. Wa pili ni wakati yai linapotoka. Wa tatu ni wa wale ambao projesteroni yao haipandi vizuri, hivyo wanasumbuka nusu nzima ya pili ya mwezi. Herzog alisimamia pia majaribio ya projesteroni yaliyochapishwa mwaka 2012, yenye wanawake 294. Kwa jumla, waliopewa projesteroni hawakuwashinda waliopewa tembe bandia. Walioonekana kufaidika ni wale ambao mashambulizi yao ya siku za hedhi yalizidi ya siku nyingine kwa mara tatu au zaidi.

Kwa mdogo wangu daktari aliamua njia tofauti. Alipunguza ile dozi ya kumsinzisha, akabadilisha dawa ya kila siku polepole, na akamwongezea tembe za klobazamu za kumeza kwa siku chache tu kila mwezi, kuanzia kabla ya hedhi. Klobazamu nayo hufanya kazi kwenye mlango ule ule wa GABA-A. Hata fenobabitoni, inayotumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, huugusa mlango huo huo. Kila moja ina mahali pake pa kuushika. Nakusihi, msomaji, usikimbilie duka la dawa kununua kwa sababu umesoma hapa. Mtu wa kifafa akibadilisha au kuacha dawa ghafla, anaweza kupata shambulizi lisilokoma.

Daktari akasema la mwisho huku mimi nikiwa nimekazia macho dari. Alimwonya mdogo wangu kwamba fenobabitoni na karbamazepini huzipunguzia nguvu tembe za kupanga uzazi na hata vile vijiti vya kutiwa mkononi, hivyo mwanamke anaweza kushika mimba akidhani amejikinga. Tena kuna dawa ya kifafa, valproati, inayoweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Mambo haya mwanamke anapaswa kuambiwa kabla, si baada. Mdogo wangu aliuliza maswali manne. Sikujua kwamba anayo.

Mke wangu naye aliuliza lake. Baada ya kujifungua mtoto wetu wa pili mwaka 2016, alilia majuma mengi bila sababu. Mama yangu akasema ni deko. Mimi nilisema ni uchovu. Daktari alimweleza kwamba wakati wa ujauzito projesteroni na alopregnanoloni hupanda mara nyingi kuliko kawaida, kisha kondo likishatoka huanguka katika siku chache tu. Si wote wanaoathirika, na huzuni ya uzazi ina sababu zaidi ya moja, lakini kwa baadhi yao mlango huu huu unahusika. Machi 2019 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo brexanolone kwa huzuni hiyo. Ilikuwa alopregnanoloni yenyewe, iliyotiwa katika mshipa polepole kwa saa 60. Agosti 2023 ikaidhinishwa tembe ya jamii hiyo, zuranolone, ya kumeza kwa siku 14.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani mke wangu alisema neno moja tu. "Deko!" Sikuwa na la kujibu.

Tarehe ya harusi

Mdogo wangu hakupona kabisa. Lakini kutoka mara tatu nne kila mwezi, alifika mara moja kwa miezi miwili au mitatu. Usingizi ulimtoka. Akajifunza ushonaji, akafungua kibanda chake Mariakani. Akapata mchumba, fundi wa magari, ambaye alimweleza kila kitu siku ya pili ya kufahamiana kwao.

Mwaka 2023 wazee wa pande mbili walikutana kwetu. Marehemu Baba hayupo, hivyo nilikaa karibu na baba mkubwa kwa niaba yake. Harusi ikapangwa Jumamosi ya tarehe 2 Desemba. Kila mtu akaafiki, na akina mama wakapiga vigelegele.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliniashiria nje. "Kaka," akaninong'onezea, "ni mwezi."

Safari hii sikutazama juu. Nilirudi ndani nikasema, "Wazee wangu, naomba radhi. Tarehe hiyo haitafaa."

Baba mkubwa akauliza sababu. Ningeweza kusema nina kazi. Ningeweza kusema lolote. Niliuona mkono wa mdogo wangu ukiweka vikombe mezani, kovu likimetameta. Nikasema, "Atakuwa katika hedhi. Kifafa chake huja siku hizo. Namtaka siku ya harusi yake asimame, si alale."

Chumba kilinyamaza kimya. Baba mkubwa alikohoa akatazama sakafu. Mzee mmoja wa upande wa pili alishika fimbo yake kana kwamba anataka kuinuka. Nilihisi jasho mgongoni, na nikajua sasa jinsi mdogo wangu alivyohisi ile Krismasi barazani.

Aliyevunja kimya hicho ni shangazi wa bwana harusi, mama mzee aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi. "Binti yangu humjia hivyo hivyo," akasema. "Nilidhani ni yeye peke yake."

Wakainamiana na Mama, wakazungumza kwa sauti ya chini muda mrefu. Baba mkubwa akauliza ni tarehe gani basi itakayofaa. Hakuniuliza mimi. Alimgeukia mdogo wangu. Naye, sinia mkononi, akajibu mara moja, "Tarehe 16, Baba."

Alisimama siku hiyo tangu kanisani hadi machweo. Januari alianguka tena, jikoni kwake. Mumewe alikuwapo. Alimsogeza mbali na jiko, akamlaza kwa ubavu, akamwekea kanga chini ya kichwa, hakumtia kijiko mdomoni, akatazama saa. Kikizidi dakika tano ni hospitali. Hakikufika tatu.

Kule Pwani, watafiti wa Kilifi wamewahi kukuta kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakitumia dawa ipasavyo. Miongoni mwao wamo mabinti wanaojua siku zao kuliko daktari yeyote, ila hakuna anayewauliza. Kama unaye mmoja nyumbani kwako, nunua kalenda. Tia alama siku anazoanguka, na siku za hedhi yake, kwa miezi mitatu, kisha umpelekee daktari. Haigharimu kitu.

Na akikwambia kitu kwa lugha ya mafumbo, ewe kaka, baba au mume, muulize ana maana gani kabla hujamjibu. Mimi sikumuuliza, na kovu unalijua.